Mawimbi Hayaendi Kanisani

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, 10 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu, na mama bado anakuzuia kushuka kihambani kwenye migomba bila fimbo. Sisi huku hatujambo, ila joto.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama nimeachana na mradi wangu wa Jumapili, ili Krismasi uandikishe duka lako la hapa Kariakoo kwa jina langu. Naomba nikujibu kwa mpangilio.

Unamkumbuka Nasreen, binti wa Mzee Abbasi fundi cherehani, niliyesoma naye sekondari. Sasa ni mhandisi. Amesanifu chipu ya redio ndogo ya wavuvi wa soko la samaki la Feri, inayosikiliza tahadhari za dhoruba usiku na mchana kwa betri ya saa. Redio ya kawaida hukimbizana na kila wimbi, na mbio hizo hula betri. Yake huonja tu: huchukua wimbi moja, huruka mengi, huchukua jingine, kisha huunga ujumbe. Lakini usipochuja kabla ya kuonja, sauti za masafa mengine hujikunja juu ya ile unayoitaka, na hutazitenganisha tena. Kichujio hicho cha mbele alinikabidhi mimi. Nilipima kelele za hewani hapa Kariakoo siku za Jumapili, soko likiwa limetulia, maana siku nyingine nilikuwa kaunta, nikaamua kichujio kidogo kinatosha.

Jumatatu tarehe 18 Machi wavuvi walikuja hapa Kariakoo kuijaribu. Badala ya dhoruba, redio ikatangaza mashuka elfu kumi, chagua mwenyewe: kipaza sauti kisicho na waya cha machinga wa nje. Mvuvi mmoja, Safari, akauliza kama dhoruba hiyo inapunguza bei. Nasreen alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniambia, shosti, mawimbi hayaendi kanisani.

Mimi sikucheka. Chipu haifunguliwi ikarekebishwa, na tulibakiwa na nafasi moja tu ya kuagiza nyingine kiwandani. Nikapima upya, mara hii mchana wa siku za kazi, katikati ya wamachinga, nikaweka kichujio kikali zaidi. Alhamisi iliyopita tuliiwasha chipu mpya palepale, vipaza sauti vikinguruma kila upande. Ilisoma tahadhari neno kwa neno. Safari aliomba irudie, akavua kofia.

Sasa Baba, lililobaki. Kelele za siku za kazi hazipimwi na mtu aliye kaunta. Tangu Pasaka duka analiendesha Ansbert. Ufunguo nilimpa mimi, nikamwomba aniachie nikueleze mwenyewe, hivyo usimgombeze mdogo wangu. Analipenda duka kuliko nilivyowahi kulipenda. Wateja wa mikoani wanamwita bosi, naye anajifanya hasikii.

Krismasi uandikishe jina lake. La kwangu Nasreen ameshaliweka kwenye mchoro, liko pembeni mwa kila chipu, herufi nyembamba kuliko unywele: Severa Elimringi. Alitaka kuandika la kwanza tu. Nilikataa, nikamwambia aweke na la baba yangu.

Mpe mama salamu zangu, na dawa usiziruke.

Mwanao,
Severa