Mlango wa Rumbeho Bado Umefungwa, Ildefonsi

Mwaka umetimia, Ildefonsi, tangu tukuzike hapa Muyama, na hawa wanaosoma maneno haya ndio wale wale waliotazama viatu vyao siku ya matanga. Walikula maharage yetu, wakaimba, wakasema poleni, wakaenda zao. Wengine hata sasa hivi wameshaanza kutafuta ukurasa mwingine. Waache watafute. Sisi tunaongea na wewe, na mwenye masikio atasikia.

Hatukuandikii ili kulia. Kulia tulilia, tukamaliza.

Tunakukumbuka na lile furushi lako la gunia, ulilolishonea mikanda miwili ukalibeba mgongoni, wakati wanaume wote wa Muyama mizigo yao huiweka kichwani au begani. Ndani mlikuwa na blanketi, sufuria, unga, chumvi, na ndoano zako katika kopo la maziwa. Wanawake wa kisimani hawakukuacha upite hivi hivi. "Ildefonsi, umejifungua lini?" Nawe bila kusimama: "Jana! Na wangu halii kama wenu."

Tunaikumbuka safari yenyewe. Kupanda kutwa, kulala kwenye mahame yetu, pale tulipoishi kabla ya kuteremshwa barabarani kwenye vijiji vya ujamaa mwaka sabini na nne, kisha asubuhi kupanda tena mpaka ziwa la Rumbeho, kule juu kabisa, ambako maji yanauma meno. Padri mmoja mzee ndiye aliyemwaga humo vifaranga vya trauti, samaki wa madoa anayependa maji ya baridi. Aliwabebesha watu madebe mlima mzima. Padri akafa, samaki wakazaliana katika kijito kinachoingia ziwani, watu wakawasahau. Wewe hukuwasahau.

Minyoo hukutaka. "Huyu anatazama juu," ulikuwa ukisema, ukifunga unyoya wa kwale kwenye ndoano kwa uzi wa cherehani hadi ukafanana na nzi. Uliurusha kwa ufito wa mwanzi, ukatua juu ya maji kama umeanguka wenyewe. Na ole wake aliyesimama jua likiwa mgongoni kwake! "Tharsisi, kaa chini! Kivuli chako kimefika kabla yako, kimeshawaamkia samaki wote!" Mpaka leo mdogo wako Tharsisi akifika kwenye maji yoyote, hata ya kunawa, anachuchumaa.

Abdalah Hilali, yule wa dukani Kasulu aliyekuagizia ndoano, hakuwahi kukuelewa. "Kwetu Ujiji samaki tunamfuata kwa mtumbwi. Wewe Muha unampandia mlima, kama unachuma ndizi?" Ukamjibu, "Shehe, wa kwenu analala chini. Wa kwangu ana cheo." Alicheka hadi akasahau sukari kwenye mizani.

Na hao samaki hukuwala peke yako. Uliwakausha kwa moshi huko huko, ukashuka nao, na nyumba ya kwanza kupiga hodi ilikuwa ya Reverien, aliyekimbia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na watoto waliovimba miguu kwa kukosa mboga ya maana. Mkeo Immakulata alinuna. "Kwani nyumba yako iko wapi, baba Esteri?" Ukasema, "Ipo, haihami. Hawa wenzetu wamehama vya kutosha." Akanuna tena, halafu yeye mwenyewe akawapelekea chumvi.

Sasa tuiseme ile nyumba.

Nyumba ya mawe ya Rumbeho tuliijenga sisi. Hakuna mtu mzima wa Muyama ambaye hakupandisha jiwe, boriti au bati siku zile za kujitolea. Tulibeba kwa nyimbo. Tuliambiwa ni ya kila mpanda mlima atakayekutwa na mvua. Kisha wakubwa fulani wakaja kutembea, wakaiona, wakaipenda. Ikatiwa kufuli. Akawekwa mlinzi. Ikaitwa nyumba ya wageni wa heshima, wale wanaokuja kuvua kwa fimbo za dukani na kupiga picha.

Ile siku ya Novemba ulikuwa na Niyibizi, mdogo wake Reverien. Mvua ya mawe iliwakuta ziwani kabla ya adhuhuri, mkakimbilia nyumba, na moshi ulikuwa unatoka. Niyibizi alitaka kuupiga mlango bega. Ukamshika mkono. Muha haingii nyumba yenye watu kabla hajaitikiwa. Ukasimama kwenye ile mvua, ukainama, ukapiga makofi ya salamu kama baba alivyotufundisha. "Mwakeye! Mwakeye!" Ukangoja.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mlinzi.

"Wageni."

"Hii ni ya wageni wa heshima."

"Heshima tunayo, ndugu yangu. Ndiyo maana hatujavunja."

"Sina ruhusa."

"Moto unao?"

"Moto ninao. Ruhusa ndiyo sina."

Ukapiga makofi tena. Niyibizi anasema hilo ndilo linalomnyima raha mpaka leo: uliendelea kupiga makofi hadi vidole vikakataa kunyooka, kwa kuwa ulikuwa na hakika kwamba mtu aliyelelewa na mama yake hawezi kuacha salamu ikaanguka chini. Mlango haukufunguka. Mkashinda chini ya jabali, mmelowa hadi mifupa. Yeye ndiye aliyekuteremsha, amekubeba mgongoni. Kifua kikakubana, dawa ya zahanati haikukifikia, ukatutoka.

Wakasema ni kazi ya Mungu. Siku ya matanga Immakulata akasimama mbele yao wote. "Nyumba ile nani aliijenga?" Mzee mmoja akakohoa: "Mama, hayo mambo ya wakubwa." Akamgeukia. "Wakubwa walibeba jiwe lipi? Twende ukanionyeshe." Ndipo kila mtu alipoona kiatu chake kina vumbi. Jamani, Mungu ana makufuli?

Ildefonsi, ulikuwa mwema kuliko sisi, lakini jambo moja ulikosea, na tunakuambia kwa mapenzi. Ulidhani mlango unaweza kuona haya. Mwaka mzima tumekwenda maofisini kwa adabu, tumeomba kwa adabu kufuli litolewe, tumekalishwa kwenye mabenchi, tumeambiwa njooni wiki ijayo. Adabu yetu imekwisha.

Wanaokutaja kila siku ni mkeo Immakulata, aliyekufuata kutoka Busunzu, Kibondo, na shemeji zako wote wa huko. Binti yako Esteri. Dada yako Maximilla. Mdogo wako Tharsisi. Na Niyibizi, ambaye hukuzaliwa naye tumbo moja lakini alinyoa nywele za msiba wako pamoja nasi. Maadamu tuna pumzi, jina lako halitatoka midomoni mwetu.

Na ninyi mliokuwa mnasikiliza pembeni, sasa ni zamu yenu. Mvua za mwaka huu zimeshaanza. Wiki ijayo Maximilla na wanawake wa kwa Reverien watapanda Rumbeho kuvua, maana watoto hawali pole zenu, na kufuli bado linaning'inia pale pale. Hatutaki mchango. Sala tumepewa nyingi, asanteni. Tunaondoka Muyama Jumamosi hii alfajiri kwenda kuung'oa mlango ule na bawaba zake. Mwenye mtaimbo aje na mtaimbo, mwenye nyundo aje na nyundo, asiye na kitu aje na mabega, kwa sababu mlango ni mzito na tutaushusha mpaka hapa kijijini. Usijibu kwamba utaona. Weka karatasi hii chini, kautafute mtaimbo.