Maua ya Kaburi la Mama

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kaka yangu Khalfani,

Shikamoo. Natumai mguu umepoa na sasa unafika msikitini bila mkongojo. Sisi hapa wazima. Biashara ya udi na vikuba vya asumini inaenda, na Shamsa wangu ameanza kidato cha kwanza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilipita Mnazi Mmoja nikakuta maonyesho ya mimea. Picha moja ikanisimamisha: ua jeupe, kooni jekundu, majani membamba kama ya kitunguu. Nikamwambia binti wa bustani ya mimea aliyekuwa pale, Caroline, kwamba ua hilo nalijua. Akatabasamu, akasema labda nimelifananisha, maana duniani kote huota kwenye kilima kimoja tu huko Kilwa, na kilima chenyewe kinapasuliwa kokoto. Yeye na wenzake wamekizunguka misimu miwili ya mvua bila kupata hata shina moja. Nikamjibu kwamba mama yetu alizaliwa chini ya kilima hicho, na amelala chini ya maua hayo hapa hapa mjini.

Kesho yake nikampeleka makaburini. Alichuchumaa, akagusa majani. Kisha akanieleza kwamba vile vitunguu vitano vya maua pale kaburini huenda ndivyo vya mwisho, na kwamba bustanini kwao wangeweza kuvizalisha. Hakuniomba. Alisema uamuzi ni wa familia.

Kaka, familia ni mimi na wewe, nami sikukuuliza. Nilijua ulivileta mwenyewe kutoka Kilwa, ukavipanda kwa mkono wako, ukasema mtu asiviguse. Siku ya Idi uliponiuliza kama vimechanua, nilikwambia jua limevikausha. Nilikudanganya. Nilivichimba mimi, kwa ruhusa ya mlinzi wa makaburi, baada ya kumsomea Mama Yasini. Nikaacha kimoja.

Kwa uongo ule, nisamehe. Kwa kuchimba siombi msamaha; ningechimba tena.

Wiki iliyopita Caroline aliniita bustanini. Vile vinne vimezaa vitoto sita. Wakataka kuandika kwenye kibao jina la aliyevitoa, wakidhani ni langu. Nikawaambia waandike la Mama, Bi Sitara binti Mbaruku, na wameandika, kwa herufi kubwa.

Msalimie wifi Badria na watoto. Ukija Dar nitakupeleka ukamsomee Mama. Kama bado utakuwa na hasira, njoo nayo.

Mdogo wako,
Zulekha