Nilipokataa Wali wa Bi Somoe

Jumatatu, kipupwe. Baridi tangu alfajiri, Kivinje nzima imejifunika gubigubi. Mimi nilitoka nimejifunga kanga mbili, nikapanda lori mpaka Kiranjeranje, na sasa nimerudi. Jua bado halijatua. Mwili umechoka, moyo mwepesi. Nimesema niandike kabla sijaanza kusimulia, maana nikisimulia huwa naongeza chumvi.

Na chumvi ndiyo niliyobakishiwa. Sukari nimekatazwa.

Daftari hili nilipewa na mwanangu Bakari, mwalimu wa shule. Nalisema hilo mapema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nalipenda kulisema. Ni mama gani mwingine mtaani kwetu ambaye mwanawe akishika chaki watoto wote wananyamaza? Mimi mwenyewe nilihitimu Kurani, nikasoma shule madarasa mawili, kisha mama akasema inatosha, wali hauivi kwa kusoma. Lakini mkono wangu unasomeka. Bakari anasema hivyo, na Bakari hasemi uongo.

Nina kisukari.

Hii ndiyo mara ya kwanza naliandika neno hilo, na kalamu haikuvunjika.

Ilianza na kiu. Nakunywa mpaka tumbo linacheza kama ngoma, na ulimi bado mkavu kama kigae. Kisha safari za msalani zisizokwisha, na sisimizi wanapanga mstari kufuata ninapotoka. Kisha jipu la mgongoni likagoma kupona. Nikaenda hospitali. Dresa, yule msaidizi wa daktari, kijana mpole, akautia mkojo wangu kwenye kichupa chembamba pamoja na dawa ya buluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Malkia wa Waingereza ananitazama kutoka kwenye picha yake ukutani, nami nikajiweka sawa. Ile buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikaishia rangi ya tofali. Nikamwambia, "Rangi nzuri hiyo, mwanangu."

Akasema, "Hiyo nzuri, mama, ndiyo mbaya."

Daktari akanieleza taratibu. Sukari ya ukubwani hiyo, tujaribu kwanza chakula kabla ya sindano. Sukari basi. Halua basi, tende basi, maandazi basi. Wali na muhogo na ugali, kiasi cha ngumi yangu. Mboga za majani, kunde na samaki, ruhusa. Halafu nitembee kila siku, huu unene upungue.

Huu unene! Nimeulea tangu nilipomzaa Bakari. Mume wangu huuza ng'onda, samaki wakavu, na siku zote husema ukitaka kujua kama biashara yake inakwenda, mtazame mkewe. Sasa bangili zinateleza mpaka kwenye kiwiko, na watu wameanza kumtazama yeye kwa jicho la pembeni.

Na huko kutembea! Mke wa mtu hatembei tu hapa kwetu. Ukikatiza mitaa miwili wanakuuliza, "Mama Bakari, kwema? Kafa nani?" Basi nikawa nabeba kikapu. Wakiniuliza, nakwenda sokoni. Wakiniona narudi nacho kitupu, nasema bei zimepanda. Maskini wauza samaki wa Kivinje, nimewachafulia jina.

Nilimwambia mume wangu peke yake. Mama yangu mzazi alikufa na kidonda cha mguu kisichopona na kiu isiyokwisha, na watu wakasema karogwa. Sikutaka waseme imefika zamu yangu. Tena Bakari alikuwa katika posa, na nyumba yenye maradhi watu huikwepa. Hata yeye sikumwambia.

Mchumba wake anaitwa Zuhura, binti wa Bi Somoe, mjane, mkulima wa mtama na ufuta kule Kiranjeranje. Bakari alimwona alipokuwa akifundisha huko. Niseme kweli, kwanza sikumtaka. Nilikuwa nimemtafutia mwanangu binti wa mjini, wa watu tunaojuana. Siku mshenga wetu, Mzee Chande, aliponiletea habari za ukoo ule, nilicheka mbele za watu nikasema, "Watu wanaokula mtama? Kwetu mtama tunawapa kuku."

Neno lina miguu. Lilifika Kiranjeranje kabla ya barua ya posa.

Hata hivyo walitukubali, kwa kuwa mwanangu ni mwanangu, na nani atamkataa. Alhamisi iliyopita nikaenda kumwona mkwe kwa mara ya kwanza. Nyumba ile haipiki wali ila sikukuu. Lakini nilipokaribishwa mkekani nilikuta sinia ya wali wa nazi, kuku mzima, visheti vinang'aa kwa sukari, na birika la chai. Zuhura akanimiminia, na ile chai ilishuka nzito kama asali. Sukari ya dukani, wameinunua kwa ajili yangu. Bi Somoe alinitazama tu, nami nilimwelewa. Haya, bibi wa mjini, sema sasa kwamba tumekupa chakula cha kuku.

Mungu shahidi, nilikuwa na njaa. Ila juzi yake tu dresa alikuwa amenipima tena, na rangi ilikuwa ile ile ya tofali. Nikaogopa. Nikiogopa mimi, ulimi hunitangulia.

Nikasema, "Nimefunga."

Ilikuwa Alhamisi, siku ya saumu ya sunna, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri kama kofia ya kushonewa. Bi Somoe akasema, "Mashaallah, mkwe. Basi tutakufungia ukafuturu kwako." Sinia ikaondolewa. Nikakaa kwa heshima zangu zote, nikazungumza, nikamsifu Bakari.

Lakini kiu ya kisukari haijui Alhamisi.

Ilipofika alasiri nilikuwa siwezi hata kumeza mate. Nikaaga kwamba nakwenda kutia udhu. Nyuma ya nyumba kuna mtungi. Nikanywa kata ya kwanza, nikanywa ya pili, niko kwenye ya tatu, mashavu yamevimba, nikasikia nyuma yangu:

"Shikamoo, mama."

Zuhura. Na marahaba haitoki katika kinywa kilichojaa maji. Tukatazamana. Nikameza, na mmezo huo ulisikika kama jiwe kisimani. Mtoto wa watu akainamisha macho, akageuka, akaenda zake.

Huku kwetu mtu akikataa chakula chako kwa kisingizio cha saumu, kisha akaonekana anakunywa, maana yake ni moja tu. Maji ni ya kisima, hayakupikwa na mtu. Alichokiogopa ni mkono wako. Amekuita mchawi, tena ndani ya nyumba yako.

Jumamosi Mzee Chande akaja na kifurushi: zile kanga tulizopeleka na kishika uchumba chetu, vyote vimerudishwa. Akakohoa, akasema ametumwa hivi: "Anayekiogopa chungu changu asimtake binti anayekikoroga."

Hapo ndipo ningesema. Mume wangu alinikanyaga mguu ili niseme. Lakini kiburi changu kilisimama kabla yangu, kikajibu, "Mwambie sawa."

Bakari alikuwa mlangoni, ameyasikia yote. Hakupiga kelele. Angalipiga kelele ningalimjibu, mimi kwa kelele sishindwi. Alisema tu, "Mama, kama hukumtaka Zuhura ungeniambia mimi. Usingemwita mama yake mchawi."

Akatoka.

Jana nilimpikia pweza wa nazi, anayempenda tangu hajaota meno. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Nikaiinua, nikaitazama, ule mchuzi umeganda pembeni, hata tonge moja halikuguswa. Nikajiuliza: mikono yangu ina nini? Mwanangu ananiogopa?

Ndipo nikajua Bi Somoe amelalaje tangu Alhamisi.

Basi leo nimekwenda. Sikumchukua mshenga, maneno haya hayabebwi na mgongo wa mwingine. Nimebeba kikapu changu kwa mazoea tu.

Bi Somoe nilimkuta uani anapeta mtama. Nikabisha hodi, nikasalimu. Akaitikia salamu, kwa kuwa salamu haki yake kuitikiwa, ila ungo hakuuacha.

"Leo Jumatatu, bibie," akasema. "Nayo sunna. Umefunga?"

"Sikufunga. Na Alhamisi sikufunga."

"Najua. Mtungi wangu una mdomo."

Nikakaa chini, si mkekani, nikakaa mchangani. Nikamwambia. Kiu, jipu, kichupa, rangi ya tofali. Nikamwambia nimekatazwa wali mwingi, nimekatazwa sukari kabisa, na kwamba nilidanganya kwa sababu sijazoea kuwa mgonjwa. Nimezoea kusifiwa. Maneno yalitoka hovyo, hayakuwa na mpangilio. Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo hukuuogopa mkono wangu?"

"Niliogopa sukari yako, mkwe. Ile chai ningekunywa kikombe kimoja, kijiko kingesimama tumboni."

Midomo yake ikatikisika kidogo. Lakini Bi Somoe si mtu wa kuyeyuka upesi. Akauliza, "Ugonjwa huo unaambukiza?"

"Hauambukizi."

Ningeweza kuishia hapo. Nani angenijua? Lakini dresa aliniuliza habari za mama yangu, na nilipomweleza alitikisa kichwa. Nikasema, "Ila hufuata damu. Huenda ndio uliomuua mama yangu. Huenda ukamfika Bakari akizeeka. Huenda ukawafika wajukuu wetu, mimi na wewe. Nakwambia ili ukimtoa Zuhura, umtoe unajua."

Akauweka ungo chini. Kuku wakaja wakadonoa ule mtama uliomwagika, wala hakuwafukuza. Mimi akilini namwona mwanangu pale mlangoni Jumamosi, na uso wake ule.

Mwishowe akasema, "Mwenzangu, kwetu sisi kuna pumu. Ndiyo iliyomchukua baba yake Zuhura. Hao wajukuu watachagua wenyewe wanachotaka."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka nikagundua hayakuwa ya kicheko. Bi Somoe akanishika bega. Ana mkono mzito, wa jembe, na joto lake lilipita mpaka ndani.

"Sasa unakula nini, mkwe? Maana umekonda."

"Mboga, kunde, samaki. Na ugali kidogo, kiasi cha ngumi. Hata wa mtama."

"Wa nini?"

"Wa mtama."

Hilo alinifanya nilirudie kwa makusudi, nami nilistahili. Macho yakamng'aa kama ya msichana. Akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Zuhura! Lete kile chakula chetu!"

Kikaja kibonge cha ugali wa mtama, cheusi, na bakuli la mlenda na dagaa. Bi Somoe akakipokea yeye, akapiga goti kwa adabu zote, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Karibu, kuku wangu."

Nikanawa. Nikadonoa.

Na niandike hapa, mtama ule ni mtamu. Mlenda unateleza, dagaa wana pilipili kidogo, na ugali ukiutafuna taratibu unakaa tumboni kama mgeni mwenye adabu. Sijui nani alinidanganya miaka yote hii. Pengine mimi mwenyewe.

Nilikuwa na tonge kubwa mdomoni Zuhura alipokuja kuondoa bakuli. "Shikamoo, mama," akasema, na nikaona anazuia kicheko. Safari hii nikatafuna, nikameza, nikajifuta.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Na ya Alhamisi pia, marahaba."

Bakari nilimkuta barazani lori liliponishusha. Nikamkalisha nikamweleza yote kabla sijavua viatu. Nilidhani atafurahi kwanza kwa ajili ya harusi, ambayo itakuwa ufuta ukishavunwa. Hakuitaja kabisa harusi. Akasema, "Mama, umeumwa siku zote hizi na mimi nimo humu humu ndani?" Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya kabla ya chaki. Akaingia jikoni, akakuta kunde zangu, akala zote, chungu kikabaki cheupe. Kunde zangu mimi mgonjwa! Mama gani atamnyang'anya mwanawe sahani siku kama ya leo?

Kisukari hakijaondoka. Keshokutwa nitapimwa, na huenda rangi ikawa tofali tena. Daktari alisema ni safari ndefu. Sawa. Siku ya harusi watu watakula wali, nitaupika mimi, na Kivinje itausimulia. Mimi nitakaa katikati ya mkeka na ugali wangu wa mtama, karibu na Bi Somoe, na atakayeuliza atajibiwa. Tena atajibiwa kwa kirefu.

Kikapu changu leo kimerudi kimejaa, mara ya kwanza tangu nianze kukitembeza. Bi Somoe ametia unga mpaka ukingoni, akafunika na jani la mgomba. Kwa hiyo kesho kitabaki nyumbani, na mimi natoka asubuhi mikono mitupu, nazunguka Kivinje kwa miguu yangu hii. Watakaa vibarazani watauliza, "Mama Bakari, kafa nani?"

Nitawaambia hajafa mtu. Ndiyo maana natembea.