Benchi la Mtumbwi wa Baba

Gharib na Yusra,

Chai iko kwenye chupa, mihogo chini ya kawa. Benchi jipya la barazani msilikalie kabla ya adhuhuri, vanishi haijakauka.

Ndiyo, ni mtumbwi wa marehemu baba yenu. Gharib, jana asubuhi uliponiambia, "Mama, mtumbwi wa mzee usiguswe," fundi Gasper alikuwa tayari njiani na msumeno wake. Kaukata ubavu mmoja, mimi nimeushikilia. Ningewauliza, ~~mnisamehe~~ lakini mngekataa. Miaka mitano umelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani, hiyo ndiyo kumbukumbu? Sasa uko chini ya kivuli cha mpasheni na majirani watapumzikia humo.

Yusra, mwagilia mpasheni. Mito nimeishona kwa kitenge changu kile cha Kongo, usinune.

Nimekwenda sokoni Buzebazeba kununua vikombe vya kahawa.

Kaeni popote, ila si kule mwisho wa nyuma alikokaa baba yenu akishika kasia. Miaka thelathini alininyima kupanda, eti mwanamke anafukuza samaki.

Pale nakaa mimi.

Mama yenu