Barua ya Onyo kwa Nyundo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepigwa na butwaa. Muda wote niliokaa kwenye kamati ya maadili ya mradi wetu, nimekuwa nikituliza ugomvi wa nukta na mkato. Programu yenyewe ni ya bure, ya kuhesabia dawa kwenye stoo za zahanati. Tunaiandika kwa kujitolea, kila mtu na jina lake la kubuni. Leo kimeingia kilio cha kweli.

Mgeni mmoja, anajiita Chiriku, ametuma msimbo wake wa kwanza maishani, mistari michache ya kuongeza kwenye programu. Aliyeukagua ni Nyundo, mkaguzi wetu hodari kuliko wote. Jibu lake nimelisoma mara mbili, siamini: "Huu ni uchafu. Aliyekufundisha alikuibia. Kichwa chako ni cha kufugia nywele."

Hadharani! Mradi mzima unaona!

Chiriku anasema anajua alikosea. Alitaka aonyeshwe pa kurekebisha, basi. Alikuwa amewaita wanawe waje kuona jibu la mama yao. Yule mkubwa ndiye aliyelisoma kwa sauti.

Niliinuka nikaenda kusimama jikoni. Sikuwa na shughuli yoyote huko.

Jumanne, 4 Machi

Kamati tumekutana kwa simu. Tuko watatu: mimi, Mkutubi, na Fundi Simu. Fundi anamtetea Nyundo — eti bila yeye tumekwisha, ukipenda boga penda na ua lake. Mkutubi akamjibu kwamba ua la boga halijawahi kumtukana mtu. Nilicheka. Halafu nikaona haya kucheka.

Tumekubaliana: onyo. Amwombe Chiriku radhi palepale alipomtukania, la sivyo tunamvua ukaguzi. Nimeandika mimi, na sikulainisha neno. "Ujuzi wako si leseni ya kudhalilisha watu." Imekwenda kwa jina la kamati. Nimejisikia vizuri, nisijidanganye.

Nilitamani kumsimulia baba, lakini mambo ya kamati ni siri, na yeye anajua natafsiri tu maelekezo ya programu. Nimemkuta mlangoni anamshukuru fundi bomba kama vile kaletewa zawadi. Ndivyo alivyo. Mkaguzi wa mizani mstaafu, anaishi nami tangu mama afariki, na sijawahi kumsikia akimwita mtu mjinga. Kutwa yuko chumbani na kompyuta yake. Anasema anacheza drafti.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilimpelekea baba chai. Amekaa, miwani mkononi. Kwenye skrini — barua yangu. Sentensi zangu! Na pale juu, jina la mwenye akaunti: Nyundo.

Baba!

Chai ilimwagika kwenye kisahani. "Polepole, mama," akaniambia, "utajiunguza." Kisha akanipangusa vidole kwa leso yake.

Ni mimi niliyemwonyesha mradi huu, wakati wa msiba, ili apate cha kushika. Akasema hayo ni mambo ya vijana. Kumbe alijiunga kimyakimya.

Nimejifungia chumbani nikasoma majibu yake yote ya nyuma. Si Chiriku peke yake. Wengine walitukanwa wakaondoka bila kulalamika, nasi tukadhani wamechoka. Na kila mahali, kuhusu msimbo wenyewe, baba yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi — hakuhitaji tusi hata moja.

Ijumaa, 7 Machi

Kanuni yetu inasema mwanakamati akiwa na undugu na mlalamikiwa, ajitoe na aseme sababu. Niliitunga mwenyewe, kwa mbwembwe zote. Nani angefikiria?

Nikisema, watamjua Nyundo ni nani, na huenda wakamwondoa kabisa. Naogopa. Kazi hii ndiyo iliyomtoa kitandani baada ya mazishi. Nikinyamaza, nimemlinda baba kwa mgongo wa Chiriku.

Mkutubi ameandika: Chiriku amefuta akaunti yake. Sikumjibu. Mezani baba alinichagulia kipande kizuri cha nyama.

Jumamosi, 8 Machi

Baba ameniita chumbani kwake. Akanikalisha kwenye kiti chake, akaniambia ana siri kidogo, nisimcheke. Akaeleza: mradi, jina la Nyundo, barua. Nilijitia kushangaa. Uso ulinisaidia, sina hakika kama uliigiza.

Halafu akanisomea barua nzima, kwa sauti. Kila neno langu, kwa mdomo wa baba yangu.

Alipomaliza akavua miwani. "Nisaidie kuwajibu, mama. Wewe una maneno mazuri." Kisha akaitazama tena skrini. "Mtu mzima kama mimi, kuandikiwa hivi! Huyu aliyeandika hana adabu. Sijui kalelewa na nani."

Nikamuuliza kama yule mgeni naye hakuumia. Akanitazama kwa mshangao kabisa, kama nimemuuliza kama mizani huumia. Akasema yule alikosea. Ameenda kuoga, kasema nikiwa tayari nimwite.

Niko kwenye kiti chake. Nimeandika "Kwa kamati," nikakwama, ndipo nikachukua daftari hili. Namsikia anaimba bafuni, ule wimbo aliokuwa akiimba mama.

Maji yamefungwa.