Matobolwa ya Alfajiri

Jumapili, 4 Agosti 1968

Mtoto amefika. Landrova ya misheni, saa tisa alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Anaitwa Philomena, ana miaka minane, anatoka Burundi. Mdomo wa juu umepasuka hadi puani – alizaliwa hivyo. Sista Scolastika, muuguzi wa hospitali ya misheni, anasema madaktari wa Ulaya watashuka na ndege Jumanne ya wiki ijayo. Siku moja tu. Watamshona bure. Mpaka hapo atakaa kwangu, hapa Masumbwe.

Sikumchukua kwa huruma. Niandike ukweli, sina tena wa kumpendeza. Kanisani walipouliza nani atampokea mgeni, mzee Stanslaus, tunayeshindana tangu ujana, alinyoosha mkono. Nikanyoosha wangu juu zaidi. Basi.

Jumanne, 6 Agosti

Kiswahili chake ni "shikamoo" peke yake. Anampa kila mtu – na mbuzi pia! Kisumbwa changu na Kirundi chake vinakutana njiani, tunaelewana.

Anakula polepole, mkono umefunika mdomo, uji unamtokea puani. Mbuke, dada yangu mjane anayenitunza, humgeuzia mgongo makusudi ili ale kwa amani. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na mmoja, sikuliwaza hilo.

Stanslaus alipita kunijulia hali. Kasema nimepata mjukuu uzeeni bila kutoa ng'ombe hata mmoja. Nikacheka. Kifua kikauma.

Ijumaa, 9 Agosti

Miguu imevimba tena. Bwana mganga wa zahanati kanipa vidonge vilevile, hakunitazama usoni.

Philomena kauliza kama akishonwa ataweza kupiga mluzi. Baba yake huita ng'ombe kwa mluzi, yeye hulazimika kuwakimbilia. Nikamjibu ataweza. Sijui kama ni kweli.

Nataka kuuona uso huo umeungwa kabla sijafa. Nataka na Stanslaus auone. Yote mawili.

Jumatatu, 12 Agosti

Sista Scolastika kaja kutoa maagizo. Kesho mtoto asitie kitu mdomoni, hata maji. Akipewa dawa ya usingizi na tumbo lina chakula, chakula kitapanda, kitaingia mapafuni. Anaweza kufa mezani. Mbuke kaitikia: ndiyo, Sista. Naijua ndiyo ile tangu utoto wetu: huisema, kisha hufanya lake. Nikamsindikiza Sista mpaka mlangoni.

Madaktari hawarudi mpaka Aprili. Kibali cha mtoto kukaa nchini kinakwisha mwezi huu. Changu nadhani pia.

Jumanne, 13 Agosti

Kwenye benchi la hospitali. Philomena ni namba nne.

Ndani ya Landrova niliona unga wa njano kidevuni mwake. Nikamwuliza Mbuke kwa sauti ya chini.

– Vipande viwili tu vya matobolwa, kaka.

Matobolwa! Viazi vitamu vya kuchemsha, vikakaushwa juani mpaka vikawa kama kuni!

– Hukumsikia Sista?

– Nilimsikia. Sista hajazaa. Nimtoe mtoto wa watu alfajiri na tumbo tupu, kama ndani tuna maiti? Mama yake akiniuliza?

Kwetu nyumba isiyowasha jiko asubuhi ni nyumba ya msiba. Mbuke hakukosea. Alifuata alichofundishwa.

Aliyekosea ni mimi. Tulipofika Sista aliniuliza: Mwalimu, amekula? Nikajibu: hajala tangu jana. Haraka, bila kutetereka, kama ninayeita majina ya darasa. Mbuke akatazama chini.

Namba moja katolewa, uso bandeji tupu, anapumua. Namba mbili kaingia.

Padre yuko safarini, kwa hiyo naungama hapa. Sikudanganya kwa ajili ya mtoto peke yake. Nikisema amekula watamrudisha kwao kama alivyokuja, nami nitakufa nikiwa nimemlisha mgeni siku tisa bure. Niliyapima hayo kabla ya kujibu. Nilikuwa na muda wa kuyapima.

Labda vipande viwili si kitu. Labda vimeshashuka. Alikula saa kumi na moja, sasa ni saa nne. Nilifundisha historia. Mambo ya tumbo siyajui.

Philomena kasinzia, kichwa juu ya paja langu. Mzito kuliko nilivyodhani.

Namba tatu kaingia.

Sista kaja na karatasi. Kumbe kuna karatasi! Imeandikwa kwamba mtoto hajala wala kunywa, mlezi atie sahihi. Mbuke hajui kusoma, lakini kaniuliza mara mbili: inasema nini, kaka? Inasema nini?

Mlango umefunguliwa, wanamwita. Mbuke kamnyanyua mtoto. Sista amesimama mbele yangu, anauliza naandika nini kirefu hivi, madaktari wanangoja. Nimemwambia avumilie kidogo, karatasi bado haina sahihi, kalamu ninayo mimi, nimalizie