Pinda na Phinda

Jeppestown, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa herufi kubwa, maana najua siku hizi salamu hadi uione. Dada Tausi ameniambia kwamba hata ule mlango wa bati huusikii tena, na kwamba nikituma ujumbe wa sauti unaushika sikioni, unatikisa kichwa kwa adabu mpaka uishe, kisha unamrudishia simu yake. Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Kwa hiyo nimeiacha simu nikashika kalamu. Baba Neema wa hapa mtaani anapanda basi Jumatano kuja Kigoma, na nimemwapisha asiikunje barua hii mara mbili.

Kifua kinaendeleaje? Dawa unaimaliza, au unaiacha ukipata nafuu kama kawaida yako? Mimi ni mzima. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kavu, ile ya kupasua midomo, lakini wiki hii jua limeanza kuwa na nguvu na asubuhi naweza kushika mkasi bila kupuliza vidole.

Uliniuliza kwa nini Jumamosi sipatikani. Najua Tausi amekujaza maneno kwamba nimepata mchumba. Sijapata. Jumamosi niko kwenye bendi, Baba. Napiga buruji.

Soma taratibu, nitakueleza yote.

Cherehani yangu bado iko ghorofa ya pili ya lile jengo la zamani la karakana. Chini yetu kuna gereji, na humo anafanya kazi kijana wa Kizulu anayeitwa Sizwe. Mwezi wa kwanza wa baridi alipanda ngazi na makoti mekundu yaliyochanika, akaomba niyashone upya. Yeye ndiye kiongozi wa bendi ya ngoma na buruji ya mtaa huu, yenye Wazulu, Wakongo na Warundi. Kwenye mfuko wake kulikuwa na buruji iliyobonyea, isiyo na vidude vya kubonyeza, kazi yote ni ya mdomo, kama yako. Nikaiomba. Sikuwa nimegusa buruji tangu ulipokuwa unanifundisha nyuma ya nyumba huku Mama, Mungu amrehemu, akilalamika kwamba mtoto wa kike atavimba mdomo. Nikapuliza ule mlio wako wa kuwaamsha wanafunzi wa bweni pale misheni. Mafundi wote wakasimamisha mashine. Sizwe akaniambia Jumamosi nisikose.

Basi nikapewa wapigaji sita wa buruji niwafundishe. Nawafundisha kama ulivyonifundisha wewe, kwa maneno kwanza, mdomo baadaye: "Toka kitandani, uji unapoa." Wazulu hawajui uji ni nini lakini wanautamka vizuri kuliko Warundi.

Sasa sikia shida yetu. Kila mwaka msimu wa bendi unafunguliwa Newtown, mitaa yote inaandamana. Kabla ya siku hiyo kamati inapita kukagua, na bendi isiyoweza kushika mstari inabaki nyumbani msimu mzima. Mwaka jana, kabla sijaingia, bendi yetu ilibaki. Mstari ulikatika katikati mbele ya kamati, na hakuna aliyejua kwa nini. Sizwe alituambia wazi kwamba tukishindwa tena anazirudisha ngoma kanisani zilikoazimwa na kila mtu aende zake.

Mazoezi ya kwanza, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya gereji, tulikwenda vizuri mpaka mwisho wa wimbo. Sizwe akainua fimbo yake akapaza sauti: "Phinda!"

Nikapinda kushoto. Nilipinda vizuri, Baba, kwa kisigino, ungenisifu. Wakongo wote wakapinda, na Warundi. Wazulu hawakupinda. Walianza wimbo upya palepale wakisonga mbele, na Espoir, kinyozi kutoka Uvira anayebeba ngoma kubwa, akaingia katikati yao na ngoma yake. Sizwe akashika kichwa.

Jumamosi tatu zilikwenda hivyo. Upande wao wakaanza kusema kwamba wageni hawataki kuamrishwa. Upande wetu Espoir alikuwa anachemka. "Huyu anatufanyia makusudi," aliniambia. "Anasema tupinde, tukipinda anakasirika. Miye nimechoka, dada. Nitamurudishia ngoma yake." Nami nilimwamini. Mji huu una wiki za kuwafukuza wageni, ambazo mtu anachagua lugha ya kuongea kabla hajafungua mlango, kwa hiyo kudhani ubaya ni jambo jepesi.

Kilichomuumiza Espoir zaidi ni mdogo wake, Sifa. Sifa amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kizulu. Kila Sizwe alipotoa amri, Espoir alipinda na Sifa akaenda na wale wengine. Siku mbili hakumsemesha mdogo wake mle chumbani wanamoishi. "Umekuwa mutu wao," alimwambia, na binti wa watu akala akiwa ameupa ukuta uso.

Mambo yalifunguka kwenye cherehani yangu. Jumanne moja Sizwe alikuja kuangalia koti la mfano. Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja tu. Akauvaa, akaunyoosha, akafurahi. "Sharp, sisi," akasema, yaani safi, dada. "Phinda." Nikafikiri ameuona mrefu. Nikapinda pindo, nikashona. Alipopanda tena baada ya chakula akauvaa, akakunja uso. "Hawu. Phinda, sisi." Nikapinda tena, na moyoni nikisema huyu naye ana mikono mifupi. Mara ya tatu mkono wa koti ulimfikia kwenye kiwiko. Akauvua, akauweka mbele yangu.

Akanieleza polepole, kwa Kiingereza chetu hiki cha kuungaunga. Alitaka mkono wa pili unaofanana na ule wa kwanza. Kisha, nilipouharibu, alitaka niurudie. Kwao phinda ni rudia, fanya tena vilevile.

Nikaketi. Nikamwonyesha pindo kwa kidole, nikamwambia kwetu hii ndiyo pinda, na barabarani vilevile, ukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, unapinda kushoto au kulia. Sizwe akautazama ule mkono wa koti. Halafu akafunika mdomo.

"Eish," akasema. "Mwaka jana. Mbele ya kamati. Nilisema phinda."

Miaka minne niko hapa, Baba, na Kizulu changu ni cha kuuliza bei na kushukuru. Niliona aibu kweli, lakini niliona raha zaidi. Hakukuwa na mbaya wala mkaidi kati yetu.

Jumamosi tukawaeleza wote. Espoir alikwaruza ngozi ya ngoma kwa ukucha. "Njo maana," akasema. Kisha akamgeukia Sifa. "Na weye ulikuwa unajua?"

"Mi nilifikiri we hujui tu kuandamana, bhuti," Sifa akamjibu kaka yake, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. Sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo. Espoir akacheka mpaka akaivua ngoma.

Sizwe alitaka kutafuta amri nyingine. Sifa ndiye aliyekataa. Akachora kwa chaki kwenye saruji: acha neno lilelile, wanaopinda wapinde, wanaorudia warudie, halafu wanaopinda wazunguke na kurudi ili mstari ufunge tena katikati. Likionekana kosa, alisema, ni kwa sababu hatujalipiga hesabu. Tukalipiga hesabu. Hatua nane kwenda, nane kurudi. Wiki mbili tuligongana, nikapasuka mdomo, Mrundi mmoja akapoteza kiatu. Mstari unapofunga buruji zinalia peke yake, ngoma zote kimya, na tunachopiga ni mlio wako. Sikukuomba ruhusa. Naomba sasa.

Jana kamati ilikuja, watu watatu na karatasi zao. Niliogopa hata mate yakakauka, nawe unajua buruji bila mate ni bomba tu. Sizwe akapaza sauti. Tukapinda. Nikawa nimewapa mgongo wenzangu, siwaoni, nahesabu tu, na hatua ya tano nikawaza kwamba tukigeuka tukakuta hawapo, basi bendi imekwisha. Tukageuka. Sifa alikuwa palepale anakuja mbele yangu, na nafasi ya kaka yake imeachwa wazi kando yake. Espoir akaingia humo na ngoma yake kubwa kama mtu anayeketi kwenye kiti chake. Tukapiga "Toka kitandani, uji unapoa" na hapana aliyekosea.

Mama mmoja wa kamati akauliza nani aliyebuni mchezo ule. Sizwe akamwonyesha Sifa, kisha akanionyesha mimi. "Na huyu fundi," akasema. "Alianza kwa kufupisha mkono wangu."

Tumepita, Baba. Jumapili ya nne kuanzia leo tunafungua msimu Newtown. Bado nina makoti kumi na moja ya kumalizia, na mikono yote nitaipima mara mbili.

Msalimie dada yangu Tausi, umwambie aache uzushi. Msalimie shangazi wa Ujiji, yule asiyependa kusahauliwa. Msalimie na jirani fundi baiskeli anayekusomea magazeti miwani yako inapopotea, nadhani hata sasa yuko begani kwako.

Nina ombi moja. Uliandika kwamba buruji yako umeifunga kwenye gunia kwa kuwa huisikii, haina kazi tena. Imenikaa moyoni tangu nisome. Nataka uitoe. Jumapili ile, ikifika saa kumi za huko, hapa itakuwa saa tisa na sisi tutakuwa tunaingia uwanjani. Simama pale nyuma ya nyumba ulipokuwa unanifundisha, uupige mlio wako. Hutausikia. Wangu pia hutausikia, wala mimi wako. Lakini mimi nilikaa miaka mingi bila buruji na mdomo ukakumbuka wenyewe, na wako ulianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Tausi atasikia, na majirani, na atanieleza kama uliteleza mahali.

Na ukifika mwisho, Baba, phinda. Maana yake sasa unaijua.

Mwanao wa buruji,
Mwamini